Kabla hamjaziba madirisha ya shule ya Rosenwald

Swali: Sisi ni kanisa dogo la wanaozungumza Kiswahili huku North Carolina, wengi wetu tumetoka Kongo na Tanzania. Tumepewa tutumie jengo la zamani la mbao kando ya barabara ya kijijini. Wazee Weusi wa hapa wanaliita "shule ya Rosenwald" na wanasema walisoma humo enzi za ubaguzi. Nimesoma kwamba Rosenwald alikuwa tajiri wa Chicago aliyewajengea Weusi shule elfu tano. Je, ni kweli alizijenga yeye? Na nitajuaje kwamba hili ni mojawapo? Naomba jibu mapema, maana kabla baridi haijaanza tunataka kuziba yale madirisha makubwa kwa mbao na kushusha dari.

Jibu: Ndugu msomaji, naanza na lile la haraka. Msipigilie mbao kwenye madirisha, na dari iacheni ilipo. Sababu zake zimo ndani ya historia yenyewe na nitazifikia. Kwanza nijibu swali lako kubwa, la nani alijenga.

Julius Rosenwald hakuwajengea Weusi shule. Alichangia, na hesabu ya mchango wake ipo hadi dola ya mwisho. Mpango wake wa kusaidia ujenzi wa shule ulipofungwa mwaka 1932, mfuko wake wa hisani ulikuwa umeorodhesha majengo 5,357 katika kaunti 883 za majimbo 15 ya Kusini: shule 4,977, nyumba za walimu 217 na karakana 163. Gharama yote ilikuwa dola 28,408,520. Fedha za kodi zilitoa dola 18,105,805. Wazungu wa maeneo hayo walichanga dola 1,211,975. Mfuko wa Rosenwald ulitoa dola 4,364,869. Na Weusi wenyewe, ambao wengi walikuwa wakilima pamba katika shamba la mtu mwingine kwa kugawana mavuno, walichanga dola 4,725,871. Maskini wa kijijini walimzidi tajiri wa Chicago kwa dola 361,002.

Zile fedha za kodi nazo usizichukulie kuwa hisani ya serikali. Weusi walikuwa wakitozwa kodi kama wengine, lakini bodi za elimu za kaunti, ambazo wajumbe wake walikuwa Wazungu, zilizipeleka fedha hizo kwenye shule za Wazungu. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Plessy mwaka 1896, sheria iliruhusu huduma zitenganishwe mradi ziwe sawa. Utengano ulisimamiwa kwa ukali. Usawa ulibaki kwenye karatasi. Tazama kaunti ya Clarendon, South Carolina, katika mwaka wa masomo wa 1949–50: kila mtoto wa Kizungu alitengewa dola 179, mtoto Mweusi dola 43. Watoto wa Kizungu walikuwa na mabasi 30 ya shule. Watoto Weusi hawakuwa na hata moja, walitembea. Kwa hiyo mzazi Mweusi aliyetaka shule alitoa kodi, akaona shule inajengwa upande wa pili wa barabara, kisha akatoa tena mfukoni ili mwanawe apate ya kwake. Alilipa mara mbili kwa kitu kimoja. Ukilishika hilo, mengine yote kuhusu shule hizi yanaeleweka.

Wazo la mpango halikuwa la Rosenwald. Lilitoka Tuskegee, Alabama, kwa Booker T. Washington, mtu aliyezaliwa mtumwa akaja kuongoza chuo cha Weusi cha hapo. Rosenwald, aliyezaliwa mwaka 1862, alikuwa mkuu wa Sears, Roebuck, kampuni kubwa ya kuuza bidhaa kwa posta. Walikutana mwaka 1911. Mwaka uliofuata Rosenwald alitimiza miaka 50 na akatoa dola 25,000 kwa ajili ya Tuskegee na vyuo vilivyozaliwa nayo. Washington akaomba kiasi kilichobaki kitumike kujaribu shule sita ndogo za vijijini. Ya kwanza ilimalizika mwaka 1913 huko Loachapoka, kaunti ya Lee, na bajeti yake yafaa kusomwa mstari kwa mstari: wakazi Weusi walitoa dola 150 za kununulia ardhi na kazi ya mikono yenye thamani ya dola 132.50, Wazungu wa hapo walitoa dola 360, Rosenwald dola 300. Jumla ni dola 942.50. Mwaka 1914 Rosenwald alikubali kusaidia shule nyingine 100. Washington alifariki mwaka 1915, mfuko ukasajiliwa rasmi mwaka 1917, na mwaka 1920 usimamizi ukaondolewa Tuskegee kwenda ofisi mpya Nashville, Tennessee, chini ya Samuel L. Smith. Mwaka huo wa 1920 ukumbuke, kwa sababu majengo ya kabla yake na ya baada yake hayafanani.

Sasa, utaratibu wa kupata shule ulikuwa hivi. Wanakijiji walikutana kanisani na kuchagua kamati. Walitafuta ardhi, na katika miaka ya 1920 ilitakiwa isipungue ekari mbili, ili pawe na uwanja na bustani. Ardhi hiyo ilibidi iandikwe kwa jina la mamlaka ya elimu ya umma. Si kwa jina la kanisa, wala la mtu binafsi. Mchango wa kijiji ulikusanywa kwanza, na ulihesabiwa hata kama haukuwa fedha taslimu: magogo ya mtu aliyekata miti yake, siku za fundi, mkokoteni wa kubebea mchanga, vyote vilitiwa bei ya soko na kuandikwa. Bodi ya kaunti ilitakiwa iahidi sehemu yake na mwalimu, na shule ifunguliwe walau miezi mitano kwa mwaka. Mgawo wa Rosenwald ulitegemea idadi ya walimu. Katika miaka ya 1920 shule ya mwalimu mmoja ilipata hadi dola 400, na zile kubwa za walimu sita hadi dola 1,500. Wakaguzi walitaka kuona jengo limemalizika, limepakwa rangi, lina madawati, ubao na vyoo viwili, cha wavulana na cha wasichana.

Mambo yalikwamia wapi? Mara nyingi kwenye pamba. Mdudu anayetoboa vitumba vya pamba aliingia Alabama wakati huohuo mpango unaanza, na bei ya pamba ikaporomoka mwaka 1920. Kijiji kilichoahidi fedha wakati wa kupanda kilijikuta mikono mitupu wakati wa kuvuna. Ndipo watu wakabuni njia. Familia zilitenga kipande cha shamba na mazao yake yote yakawa ya shule. Waliuza kuku, mayai na nguruwe. Akina mama walipika samaki na vyakula vya kunadi usiku wa Jumamosi. Huko Boligee, kaunti ya Greene, Alabama, wakala wa mpango aliandika ripoti ya mkutano mmoja wa mchango: mzee aliyekuwa ameuona utumwa alitoa mfukoni mfuko mkuukuu uliojaa mafuta ya mikono, akaumwagia mezani. Zilikuwa dola 38, akiba ya maisha yake yote. Alisema anazitoa zote ili watoto wa wajukuu wake wapate nafasi. Wakenya tungeita harambee, lakini kuna tofauti moja nzito: hawa walikuwa wanachangia jengo ambalo hati yake wangemkabidhi mtu yuleyule aliyewanyima kodi yao.

Kwa North Carolina, unapoishi wewe, kuna mtu ambaye jina lake lafaa kutajwa kanisani kwenu. George E. Davis, aliyekuwa profesa wa kwanza Mweusi wa chuo cha Biddle huko Charlotte, alichukua kazi ya kusimamia ujenzi huu mwaka 1921, na kwa zaidi ya miaka kumi alizunguka kaunti kwa kaunti akihamasisha michango. North Carolina ikaishia kuwa na majengo mengi kuliko jimbo lolote: 813.

Walioshika kazi ya kila siku walikuwa walimu wa Jeanes. Hao walikuwa wasimamizi Weusi, wengi wao wanawake, waliolipwa kwa sehemu na mfuko ulioanzishwa mwaka 1907 kwa dola milioni moja za Anna T. Jeanes wa Philadelphia. Wa kwanza alikuwa Virginia Randolph wa kaunti ya Henrico, Virginia, mwaka 1908. Msomaji wa Kenya atasikia jina la Jeanes na kukumbuka Kabete, karibu na Nairobi, na hakosei. Tume ya elimu ya Phelps-Stokes, mfuko wa hisani wa Marekani, ilipozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, miongoni mwa wajumbe wake walikuwamo James Aggrey wa Ghana ya leo na James Dillard aliyeuongoza mfuko wa Jeanes, na mwaka uliofuata ikafunguliwa Jeanes School, Kabete. Majengo yale ndiyo asili ya Chuo cha Serikali cha Kenya (Kenya School of Government). Kilichovuka bahari hata hivyo ni nusu tu ya jambo. Serikali ya kikoloni iliupenda upande wa elimu ya kilimo na kazi za mikono, ileile ambayo W. E. B. Du Bois, msomi Mweusi wa Marekani, aliipinga kwa sababu aliona inawaandaa Weusi kubaki chini. Upande wa pili, wa wanavijiji kuibana serikali itoe kodi kwa kutanguliza fedha zao, haukuletwa na tume. Watu wetu waliufikia wenyewe.

Nije kwenye jengo. Shule za mwanzo zilijengwa kwa ramani za Tuskegee, zilizochorwa chini ya Robert R. Taylor, Mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha MIT, mwaka 1892. Ukaguzi wa mwaka 1919 uliofanywa na Fletcher Dresslar, mtaalamu wa majengo ya shule kutoka Nashville, ulikuta kasoro nyingi: ramani hazikufuatwa, mafundi walibana vifaa, madirisha yaliwekwa popote. Ndiyo maana baada ya 1920 ofisi ya Nashville ilitoa ramani zake yenyewe, na ikawa kali. Ramani hizo zilipewa namba, na tarakimu ya kwanza ndiyo idadi ya walimu: namba 20 ni ya walimu wawili, 3-B ya watatu, 400 ya wanne.

Moyo wa ramani zote ni mwanga. Vijijini hapakuwa na umeme, kwa hiyo dirisha ndilo lilikuwa taa. Kila darasa, kwa kawaida la futi kama 22 kwa 30, lilipewa safu moja ya madirisha marefu yaliyobanana bega kwa bega, matano, sita au saba, upande mmoja tu wa chumba. Kila dirisha lina fremu mbili zinazoteleza juu na chini, mara nyingi na vioo tisa kwa tisa. Safu ya madirisha sita ni vioo 108. Kwa nini upande mmoja? Kwa sababu madawati yalipangwa ili mwanga umfikie mtoto kutoka kushoto. Anayeandika kwa mkono wa kulia akipata mwanga kutoka kulia, kivuli cha mkono wake huangukia palepale anapoandika. Ukitoka mbele unamwumiza macho. Ukitoka nyuma, mwili wake wenyewe unaukinga. Madirisha yanapanda hadi karibu na dari kwa sababu mwanga wa juu ndio unaofika safu ya madawati ya mbali, ile iliyo ukutani upande wa pili. Hapo unaona kwa nini dari ya kushusha ni hasara: inakata kipande cha dirisha kinachofanya kazi kubwa kuliko vingine.

Safu hiyo ilitakiwa itazame mashariki au magharibi. Ikitazama kusini, jua linawaka ndani siku nzima. Ikitazama kaskazini, chumba hakipati jua hata kidogo, na wataalamu wa afya wa wakati huo walilihesabu jua kuwa dawa ya kukausha unyevu. Ndiyo sababu ramani zilitolewa kwa namna mbili, moja ya kiwanja kinachotazama kaskazini au kusini, nyingine ya kinachotazama mashariki au magharibi. Kosa lililotokea mara kwa mara ni fundi kuchukua ramani isiyo ya kiwanja chake, kwa sababu alitaka mlango uelekee barabarani.

Upande wa pili wa darasa, juu ukutani, paliwekwa vidirisha vidogo vya upepo. Hewa ya joto ilipanda na kutokea huko, ya nje ikavutwa kupitia madirisha makubwa. Kuta zilipakwa rangi hafifu na dari rangi ya maziwa ili zirudishe mwanga, lakini sehemu ya chini ya ukuta, pale mikono ya watoto inapofika, ilipakwa rangi ya mbao iliyoiva. Pazia zilikuwa mbili kwa kila dirisha, moja ya kuvutwa juu na nyingine chini, ili mwalimu azuie jua bila kuuzima mwanga wote. Jengo lilikaa juu ya nguzo fupi za matofali ili hewa ipite chini ya sakafu na mbao zisioze. Shule ya walimu wawili ilikuwa na kiambaza cha kukunja katikati. Kikifunguliwa, madarasa mawili yanakuwa ukumbi wa kijiji. Na mara nyingi mbele palikuwa na chumba cha kazi za mikono. Hicho kiliwekwa kuwaridhisha waliotaka Weusi wafundishwe kazi za mikono tu. Shuleni chenyewe kilitumika kwa lolote lililohitajika, hata kupikia chakula cha mchana.

Tuje kwenye utambuzi. Anza na kumbukumbu, ukuta utafuata. Nyaraka za mfuko ziko Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville, na kadi za shule zinatafutwa mtandaoni. Kila kadi ina kaunti, jina la shule, idadi ya walimu, ekari, gharama kwa mafungu manne niliyoyataja, na mara nyingi picha. Tafuta kwa kaunti, usitafute kwa jina. Majina yanapotosha kuliko kitu kingine: wazee wanaiita shule kwa jina la kanisa la jirani, kadi inaiita kwa jina la kijito au la mwenye ardhi. Mwaka nao ni wa bajeti, kuanzia Julai hadi Juni, kwa hiyo "1924–25" haikuambii siku ya kufunguliwa. Ukiona jina lenye "Training School", usidhani ni chuo cha ufundi. Maafisa wengi wa Kusini hawakutaka kusikia Weusi wana sekondari, na jina hilo lilikuwa njia ya kuipitisha. Mwandishi Maya Angelou alisoma katika shule ya aina hiyo, Lafayette County Training School, huko Stamps, Arkansas.

Onyo moja kuhusu takwimu, kwa kuwa utaiona kila mahali: watoto 663,615. Hiyo si hesabu ya vichwa. Ni nafasi za walimu 14,747 zikizidishwa kwa watoto 45 kila mmoja. Usiiandike kwenye kibao chenu kana kwamba ni orodha ya wanafunzi. Lililo imara zaidi ni kwamba kufikia mwaka 1928, katika kila shule tano za Weusi vijijini Kusini, moja ilikuwa ya Rosenwald.

Baada ya Fisk, nenda kwenye ofisi ya hati za ardhi ya kaunti yako. Tafuta kwenye faharasa ya wapokeaji wa ardhi, chini ya jina la bodi ya elimu, miaka ya 1913 hadi 1932, ardhi ya ekari mbili hivi iliyouzwa na kanisa au mkulima. Soma hati yote hadi mwisho. Baadhi zina sharti kwamba ardhi irudi kwa mtoaji au warithi wake ikiacha kuwa shule, na sharti hilo linawahusu ninyi mnaotumia jengo leo. Hifadhi ya nyaraka za jimbo iliyoko Raleigh ina kumbukumbu za idara iliyosimamia elimu ya Weusi, nazo husaidia panapokuwa na pengo, hasa kwa shule za kabla ya 1920.

Ndipo uutazame ukuta. Kama madirisha yalikwisha kuzibwa zamani upande mmoja, utaona mishono ya wima miwili kwenye mbao za nje, mbali kwa mbali, na kati yake mbao fupi ambazo hazilingani na nyingine. Ndani, tafuta reli au alama ya kiambaza darini, tundu la bomba la jiko, na vidirisha vya upepo. Lakini umbo peke yake halitoshi. Ofisi ya Nashville iligawa ramani zake bure kwa yeyote, na bodi nyingi zilizitumia kujengea shule za Wazungu bila senti ya Rosenwald. Na kama jengo ni la matofali na paa bapa la miaka ya 1950, hilo ni la kizazi kingine: majimbo ya Kusini yalianza kujengea Weusi shule mpya upesiupesi yakitumaini mahakama itaridhika na utengano uendelee.

Mahakama haikuridhika. Tarehe 17 Mei 1954, katika kesi ya Brown, ilisema shule zilizotenganishwa kwa rangi haziwezi kuwa sawa. Utekelezaji ulicheleweshwa kwa makusudi; North Carolina yenyewe iliona mageuzi ya kweli mwishoni mwa miaka ya 1960, na hukumu ya mwaka 1971 kuhusu Charlotte ndiyo iliyoruhusu watoto wasafirishwe kwa mabasi ili shule zichanganyike. Namna ilivyofanyika iliumiza upande mmoja. Watoto Weusi walihamishiwa shule za Wazungu, na shule zao zikafungwa. Inakadiriwa walimu na wakuu wa shule Weusi wapatao 38,000 katika majimbo 17 walipoteza kazi kati ya 1954 na 1965. Majengo yaliuzwa na kaunti, ambazo zilikuwa na hati kwa sababu wanakijiji walikuwa wamezikabidhi. Mengine yakawa maghala ya majani makavu. Yaliyonusurika ni yale ambayo makanisa na wahitimu waliyanunua, yaani wengine walilipa mara ya tatu. Mwaka 2002 shirika la taifa la hifadhi ya majengo liliziweka shule hizi katika orodha ya yaliyo hatarini zaidi. Inakadiriwa limebaki moja hivi katika kila kumi.

Kwa hiyo, baridi yenu. Joto jingi hupotelea juu, si kwenye vioo tu. Anzeni kwa kutandaza sufi maalumu ya ujenzi ya kuzuia joto lisitoke (insulation) juu ya dari iliyopo, kwa upande wa darini, baada ya fundi umeme kukagua nyaya za zamani, maana zikifunikwa zinaweza kuwaka. Kisha sakafu: zuieni upepo kwa kuweka sufi kati ya boriti, lakini msijengee matofali ya saruji kuzunguka nguzo na kuacha chini bila matundu. Unyevu ukinaswa humo, boriti za chini huoza kabla hamjajua, na hicho huyaua majengo haya.

Kwenye madirisha, upepo huingia sehemu tatu: pale fremu mbili zinapokutana katikati, kwenye mifereji ya pembeni, na kwenye puti, ule udongo laini unaoshikilia vioo, iliyokauka na kumeguka. Zitieni namba fremu na kupiga picha kabla ya kuzitoa. Puti mbovu itolewe taratibu na kuwekwa mpya, mifereji iwekewe ukanda wa kuzuia upepo, na ndani mpachike kidirisha cha pili cha plastiki angavu ngumu, kinachotoka kwa skrubu majira ya joto yakirudi. Mwanga unabaki wote. Na hapa muwe waangalifu sana: rangi ya jengo la kabla ya mwaka 1978 ichukuliwe kuwa ina madini ya risasi mpaka ipimwe. Msiikwangue ikiwa kavu, msiipige moto, na watoto wadogo wasiwemo ndani wakati wa kazi, kwa kuwa vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Lowesheni, fagieni kwa kitambaa chenye maji, tupeni vitambaa.

Kabla ya lolote, ulizeni mwenye jengo, kisha piga simu ofisi ya jimbo ya hifadhi ya kihistoria, Raleigh. Shule nyingi za Rosenwald za North Carolina zimekwisha kuandikwa kwenye rejista ya taifa ya maeneo ya kihistoria, na kuna maelezo ya pamoja yaliyotayarishwa ambayo hupunguza kazi ya kuandikisha nyingine. Kuorodheshwa huko hakumzuii mwenyewe kuendelea kulitumia jengo.

Na katika wiki hii hii, mwalikeni mmoja wa wale wazee aingie ndani. Msimwulize historia kwa jumla, atakujibu kwa jumla. Mwulizeni jiko lilikuwa wapi, mwalimu alisimama upande gani, na akiwa amekaa kwenye dawati lake, madirisha yalikuwa mkono gani. Andikeni majibu kwenye mchoro wa chumba, na tarehe, na jina lake akiridhia. Akisema kushoto, mchoro huo na kadi ya Fisk vipelekeni Raleigh kwa pamoja.